Je, onyo la "sukari nyingi" mbele ya pakiti lingebadilisha tunachonunua?

BintiUluguru ameuliza:

Ndugu wanajukwaa, naomba mnisaidie kulitafakari jambo ambalo halijanitoka kichwani tangu mwezi uliopita. Mama mkwe wangu, ambaye tunaishi naye hapa Morogoro, aliambiwa kliniki kwamba sukari yake imepanda na kwamba soda aiache kabisa. Aliiacha siku ile ile bila ubishi, nasi tukaanza kumnunulia juisi ya boksi, kwa kuwa mbele ya boksi pamechorwa machungwa yaliyokatwa na pameandikwa kwamba ni juisi ya matunda matupu, isiyoongezwa sukari. Aliporudi kliniki baada ya wiki tatu, vipimo vilikuwa pale pale. Mwanangu wa kidato cha tatu ndiye aliyeligeuza lile boksi na kutusomea kwa sauti jedwali la nyuma, lililoandikwa kwa herufi ndogo kuliko punje za mtama, tukagundua kwamba kila mililita 100 za juisi ile zina gramu 10 za sukari, yaani karibu sawa na ile soda tuliyoikimbia.

Nimesikia kwamba zipo nchi ambazo serikali huwalazimisha wenye viwanda kuweka onyo mbele ya pakiti, mahali ambapo jicho haliwezi kulikwepa, na sikusudii lile jedwali la nyuma ambalo hata mimi mwenye elimu yangu sikuwahi kulitazama. Swali langu ni hili: je, maonyo hayo hubadilisha kweli kile ambacho watu wanakitia kikapuni, au yanafanana na onyo la pakiti ya sigara ambalo mvutaji hulisoma huku anawasha kiberiti? Ningependa majibu yenye ushahidi, na ningependa pia kuwasikia wanaouza, maana wao ndio wanaoona mikono ya wateja inakwenda wapi.

AfisaLisheMstaafu amejibu:

Bi BintiUluguru, pole kwa mama. Nchi iliyochunguzwa zaidi kuhusu jambo hili ni Chile, kwa hiyo nitaanzia huko.

Chile ilipitisha sheria yake mwaka 2012, baada ya miaka ya mvutano mkali kati ya wabunge na wenye viwanda, na ikaanza kutumika Juni 2016. Chakula chochote kilichofungashwa ambacho kimeongezwa sukari, chumvi au mafuta yanayoganda, kisha kikavuka kiwango kilichowekwa, kinalazimika kubeba pembenane nyeusi yenye maneno meupe yanayosema kwamba kina sukari nyingi, sodiamu nyingi (sodiamu ndiyo iliyomo kwenye chumvi), mafuta yanayoganda kwa wingi, au kalori nyingi. Chini ya maneno hayo limewekwa jina la Wizara ya Afya, ili mnunuzi ajue ni nani anayemwambia. Pakiti moja inaweza kubeba pembenane hata nne. Viwango vilikazwa kwa awamu: kwa vyakula vikavu, sukari iliruhusiwa kufika gramu 22.5 kwa kila gramu 100 mwaka 2016, na kufikia mwaka 2019 ikashushwa hadi gramu 10. Sheria hiyo hiyo ilipiga marufuku kuvitangaza vyakula vyenye alama kwa watoto walio chini ya miaka 14, ikaondoa vikatuni kwenye pakiti zake, na ikazuia visiuzwe shuleni.

Watafiti walifuatilia ununuzi wa kaya kabla na baada ya sheria, wakaulinganisha na hali ambayo ingetarajiwa kama mwenendo wa zamani ungeendelea. Katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2020, ununuzi wa vinywaji vyenye alama ulikuwa umepungua kwa takriban asilimia 24. Mwaka uliofuata walitoa hesabu ya vyakula na vinywaji kwa pamoja, na humo sukari iliyonunuliwa ilikuwa imeshuka kwa asilimia 10 hivi, sodiamu kwa karibu asilimia 5, na kalori kwa asilimia 3.5. Utaona kwamba namba inapungua kadiri tunavyotazama kikapu kizima, kwa sababu aliyeacha kitu kimoja hununua kingine.

Kuna jambo jingine ambalo hadithi ya mwanao imenikumbusha. Watafiti walipozungumza na akina mama wa Chile wenye watoto wadogo, wengi walieleza kwamba watoto ndio waliokuja na habari kutoka shuleni, wakawaambia wasinunue vitu vyenye "mihuri", jina ambalo raia wenyewe wamezipa zile pembenane. Mtoto wa miaka 6 hawezi kusoma jedwali la gramu na asilimia, lakini anaweza kuhesabu mihuri.

MangiWaKona amejibu:

Dada umesema unataka kuwasikia wanaouza, basi nisikilize mimi ambaye nimekaa nyuma ya kaunta kwa miaka 11 na duka langu linatazamana na shule ya msingi.

Mteja wangu huuliza bei kwanza. Akishajua bei anauliza kama kipo kidogo chake, yaani kifungashio cha shilingi mia mbili au mia tano, kwa sababu fedha aliyo nayo ni ya siku hiyo. Sijawahi kuulizwa kuhusu chumvi iliyomo kwenye tambi za pakiti, wala kuhusu mafuta yaliyomo kwenye biskuti. Wengi huchagua kwa rangi ya pakiti na kwa kile walichozoea kwao, na wapo wanaomtuma mtoto ambaye hata jina la bidhaa halijui, anakuja kuniambia "ile nyekundu yenye jogoo".

Hata hivyo, kuna maandishi mamoja ambayo wateja wangu wanayasoma, na ni tarehe ya kuisha muda. Nilipoanza biashara hakuna aliyeitazama. Siku hizi hata bibi asiyeona vizuri hunipa pakiti nimsomee, na akisikia imebaki wiki moja anairudisha. Sikumbuki ni lini hasa walibadilika, ila najua kilichowabadilisha: redio zilisema sana, maofisa walikuja madukani wakachukua bidhaa zilizopitwa na wakati na kuziteketeza hadharani, na watu wakaelewa kwamba tarehe ikipita wanakataa kununua, basi. Tarehe haimtaki mtu apige hesabu. Hilo jedwali la nyuma linamtaka ajue gramu 10 ni nyingi au ni chache, na mimi mwenyewe nimelijua leo hapa.

Lakini nina shaka moja kubwa ambayo sijaona wataalamu wakiigusa. Nusu ya ninachouza kinatoka kwenye pakiti kabla hakijamfikia mteja. Mafuta ya kupikia napima kwa kikombe, biskuti nauza mbili mbili, na vile vipande vya viungo vya mchuzi nauza kimoja kimoja kutoka kwenye boksi la jumla. Onyo likiwekwa mbele ya pakiti litabaki kwangu, mimi ndiye nitakayelisoma kila siku, naye mteja ataondoka na bidhaa ndani ya kipande cha gazeti.

MtakwimuWaRongai amejibu:

Nimefuatilia mjadala huu kwa hamu, na ningependa kuweka breki kidogo kwenye namba za Chile, si kwa kuzikana, bali kwa kuzisoma zilivyo.

Ile asilimia 24 haiwezi kuhesabiwa kuwa kazi ya alama peke yake. Sheria ilileta alama, marufuku ya matangazo na marufuku ya shuleni kwa wakati mmoja, na kabla yake, mwishoni mwa mwaka 2014, nchi hiyo ilikuwa imepandisha kodi ya vinywaji vyenye sukari nyingi kutoka asilimia 13 hadi 18 na kuishusha hadi asilimia 10 kwa vile vyenye sukari kidogo. Watafiti wenyewe wanakiri kwamba wanapima kifurushi chote. Anayetaka kubandika alama bila kugusa matangazo asitarajie kuvuna asilimia hiyo hiyo.

Tukitaka kujua lebo peke yake ina nguvu kiasi gani, mfano mzuri ni jaribio la Ufaransa la mwaka 2016, ambapo lebo nne za mbele ya kifungashio zilijaribiwa katika maduka makubwa 60, mengine yakiachwa bila lebo kwa ajili ya kulinganisha. Ni kweli kwamba lebo zile zilikuwa za kupanga vyakula kwa ubora, zikiwemo za rangi na herufi, wala hazikuwa maonyo kama ya Chile. Iliyoshinda ndiyo ambayo Ufaransa iliichagua mwaka 2017, yenye herufi kutoka A hadi E. Ila watafiti walipolinganisha mabadiliko waliyoyaona kwenye risiti za wanunuzi na yale yaliyokuwa yakipatikana maabara, ambako mtu huketishwa mbele ya skrini na kuombwa achague, waligundua kwamba ya dukani yalikuwa madogo kwa wastani wa mara 17. Ukiwa maabara huna mtoto anayelia, huna haraka ya kuwahi matatu, na fedha unayotumia si yako.

Zaidi ya hayo, ununuzi wa vyakula bora uliongezeka, huku ule wa vyakula vya daraja la chini ukibaki karibu vilevile. Kwa maneno mengine, lebo ilimsaidia mtu kuona kizuri kuliko ilivyomtoa kwenye kibaya. Huenda hiyo ndiyo sababu ya nchi nyingi za Amerika ya Kusini kupendelea onyo tupu.

AfisaLisheMstaafu amejibu:

Ndugu Mtakwimu, sina ugomvi nawe kuhusu kifurushi. Lakini swali la Bi BintiUluguru halikuwa kama lebo ina nguvu kwa wastani, na wastani ndio unaotupotosha hapa, kwa sababu unachanganya bidhaa ambazo onyo halina la kuongeza na zile ambazo onyo ni habari mpya kabisa.

Wachumi watatu walichapisha mwaka 2023 uchambuzi wa ununuzi wa nafaka za kifungua kinywa nchini Chile, zile za boksi zinazoliwa na maziwa. Waliwauliza watu wanadhani kila nafaka ina sukari na kalori kiasi gani, kisha wakayalinganisha majibu na ukweli na pia na mauzo. Nafaka zilizopoteza wateja zaidi ni zile ambazo watu walidhani ni za afya na kumbe zilistahili alama. Zile ambazo kila mtu alikwisha kujua kuwa ni tamu hazikutikiswa sana. Na hivyo ndivyo ilivyokuwa nyumbani kwa Bi BintiUluguru: soda haikuhitaji pembenane ili mama aiache, kwa sababu daktari alikwisha sema na kila mtu anajua. Juisi ndiyo iliyoingia kwa mlango wa nyuma ikiwa na picha ya machungwa.

Ulinganisho na sigara, kwa hiyo, unatupa picha ya nusu. Mvutaji anayesoma onyo hajifunzi jipya, na tumbaku imekwisha mshika. Mnunuzi wa mtindi wenye ladha au wa unga wa uji wa mtoto ulioongezwa sukari hajashikwa na chochote, anataka tu kitu kizuri na amedanganywa na picha.

Jambo la pili ambalo risiti za wanunuzi hazilionyeshi vizuri ni kwamba wapo wanaobadilika kabla ya mteja, nao ni wenye viwanda. Nchini Chile, kabla ya awamu ya kwanza na mara tu baada yake, sehemu ya bidhaa zilizovuka angalau kiwango kimoja ilishuka kutoka asilimia 51 hadi 44, kwa sababu viwanda vilipunguza sukari au chumvi ili kuikwepa alama. Mnunuzi wa bidhaa hizo hana habari kwamba chaguo lake limebadilika, maana amechukua pakiti ile ile aliyoizoea, hata kama haisomi kamwe. Ndugu Mangi, wateja wako wa "ile nyekundu yenye jogoo" wangefikiwa kwa njia hii.

Sitaficha upande wa pili wake. Sukari ilipotolewa, mara nyingi viongeza utamu visivyo na kalori ndivyo vilivyowekwa, hata watoto wakaanza kuvinywa zaidi. Meksiko, ilipoanza kutumia maonyo yake Oktoba 2020, iliuona mtego huo, ikalazimisha maandishi ya pekee yanayosema kwamba bidhaa ina viongeza utamu na haipendekezwi kwa watoto.

MzamiajiWaMontreal amejibu:

Salamu kutoka kwenye theluji. Huku Kanada alama ya mbele imekuwa ya lazima tangu tarehe 1 Januari mwaka 2026, ingawa kanuni ilitoka mwaka 2022 na viwanda vilipewa muda wa kujiandaa. Alama yenyewe ni kisanduku cheupe chenye picha nyeusi ya kioo cha kukuzia, kikiwa na maandishi ya Kiingereza na Kifaransa, na kwa bidhaa nyingi huwekwa pale ambapo mgao mmoja, yaani kiasi cha kuliwa kwa mara moja, unafikia asilimia 15 ya kiwango cha siku cha sukari, sodiamu au mafuta yanayoganda.

Ninachoweza kuchangia ni kile ninachokiona nyumbani kwangu. Mimi sikuacha chochote ambacho nilikuwa nakijua. Biskuti za chokoleti nazinunua kama zamani, na alama yake naitazama kama mtu anavyomtazama polisi wa barabarani wakati hana kosa jipya. Nilichokiacha ni supu za kopo. Nilizichukulia kuwa chakula cha mgonjwa, kitu chepesi cha jioni, mpaka nilipoona rafu nzima imejaa kisanduku cha sodiamu. Siku hiyo nilisimama pale kama dakika 5, nikigeuza makopo, na nikaondoka na dengu kavu. Nadhani hilo linakubaliana na alichosema Mzee Afisa Lishe kuhusu nafaka.

Lakini kuna kitu kinanisumbua. Rafu ikishakuwa na alama kila kopo, macho huzoea. Jimbo la California nchini Marekani lina sheria ya tangu mwaka 1986 inayodai maonyo kuhusu kemikali zinazoweza kusababisha saratani, na nilipomtembelea shemeji yangu huko niliyakuta maonyo hayo kwenye maegesho ya magari, hotelini na hata dukani kwenye kahawa. Nilimuuliza ni hatari gani hasa, naye akaniuliza ni onyo gani ninalosema.

BintiUluguru amejibu:

Nawashukuru nyote kwa kujitolea kuandika kwa kirefu. Mzee wangu Afisa Lishe, kuna kitu katika maelezo yako ya kwanza ambacho nimekirudia mara mbili. Umesema pembenane ya Chile huwekwa kwenye chakula ambacho *kimeongezwa* sukari, chumvi au mafuta. Boksi letu limeandikwa kwamba halikuongezwa sukari, na sina sababu ya kudhani kwamba limedanganya. Je, lingewekewa onyo?

AfisaLisheMstaafu amejibu:

Umenibana vizuri, binti yangu. Lisingewekewa. Kwa sheria ya Chile, juisi ya matunda matupu isiyoongezwa chochote haibebi pembenane, hata ikiwa na gramu 10 za sukari kwa mililita 100, wakati kinywaji kilichoongezwa sukari kinabeba alama kikizidi gramu 5. Kwa hiyo mama angelikuta boksi lake likiwa safi, na pengine usafi huo ungemhakikishia zaidi kwamba amechagua vyema. Shirika la Afya Duniani linaihesabu sukari ya juisi katika kundi moja na ile ya kuongezwa, kwa sababu tunda likishakamuliwa nyuzinyuzi zake zinabaki kwenye makapi, na linashauri sukari ya kundi hilo isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, ikiwezekana asilimia 5. Kwa mtu mzima wa kawaida hiyo asilimia 5 ni gramu 25 hivi, yaani glasi moja ya mililita 250 ya juisi yenu inaimaliza yote. Anayeandika sheria huchagua mpaka wake kwa kutazama sayansi, na pia kwa kutazama nani atapiga kelele; wakulima wa matunda nao wana kura.

Kwa hiyo kwa mama, wakati huu ambapo hakuna alama yoyote, mwambieni mwanao aendelee na kazi aliyoianza: asome safu ya "kwa mililita 100", si ile ya "kwa mgao", kwa sababu mgao huamuliwa na kiwanda na unaweza kuwa nusu ya glasi mnayoijaza nyumbani. Chungwa lenyewe ale, moja, na atafune. Na msiitwike juisi lawama zote. Mwulizeni daktari kuhusu dawa na kuhusu wanga wa ugali na wali pia, kwa sababu wiki tatu ni muda mfupi.

MangiWaKona amejibu:

Mzee, kabla hujaondoka. Ikiwa nchi yetu itaamua siku moja kuweka mihuri hiyo, hivi vitu ninavyouza kwa kupima vitahesabiwaje? Nisije nikapigwa faini kwa kuwa mteja kaondoka bila onyo.

AfisaLisheMstaafu amejibu:

Kanuni za kimataifa za lebo, ambazo nchi zetu hufuata kwa kiasi kikubwa, huzungumzia chakula kilichofungashwa kabla ya kuuzwa, kwa hiyo kikombe chako cha mafuta kiko nje yake, sawa na maandazi ya mama wa jirani na chipsi za jioni. Faini isikutie hofu. Kinachonipa mimi hofu ni kwamba sehemu kubwa ya chumvi na mafuta ya mtaa wetu inapita humo humo, kwenye kikombe, kikaangoni na kwenye kile kipande kimoja cha viungo vya mchuzi. Lakini lile boksi la jumla la viungo si linakaa juu ya kaunta yako, wazi, likimtazama mteja? Usilitoe hapo.